Cibitoke: Pikapu Kuukuu na Mteremko wa Bugarama

Mgeni aulizaye njia ya Cibitoke hana budi kueleza ni Cibitoke ipi aitakayo, kwa maana jina hilo lina wenyewe wawili. Mmoja ni mji wa kaskazini-magharibi ya Burundi, karibu na mipaka ya Rwanda na Kongo. Wa pili, unaozungumziwa hapa, ni mtaa wa kaskazini ya Bujumbura, jirani ya Kamenge, Mutakura na Ngagara.

Mtaa huu umeona mengi. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993, na tena katika machafuko ya 2015, wakazi wengi walihama makwao, kisha wakarudi na kuanza upya. Mtu aliyewahi kuanza upya hatupi chombo chake kwa haraka. Ndiyo maana gari kuukuu, ambalo kwingine lingekuwa chakavu, hapa bado hulisha nyumba.

TAMBARARE NA MLIMA

Bujumbura imekaa katika tambarare ya Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Barabara kuu ya kwanza ya taifa hutoka mjini, ikapanda kwa kona nyingi hadi Bugarama, mahali palipopita mita 2,000, kisha ikaelekea Kayanza na Rwanda. Gari huupanda mlima huo likiwa tupu, likarudi limejaa kabichi, viazi na ndizi. Basi mzigo mzito huja wakati wa kuteremka, na hapo ndipo nyuma ya gari hupimwa.

Gari lipendwalo kwa kazi hiyo ni pikapu. Toyota Hilux, kwa mfano, ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1968, na ekseli yake ya nyuma hubebwa na springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Mwenye gari akiona nyuma imelala, huagiza kiongezwe chuma kimoja, pengine viwili, vya gari jingine lililo kubwa zaidi. Nyuma huinuka, na moyo hutulia.

MAZUNGUMZO CHINI YA MWEMBE

Hivyo ndivyo alivyofanya kijana mmoja aliyemletea fundi mzee pikapu yake asubuhi moja. Springi zilikuwa mpya na nyuma imenyanyuka, lakini gari liligonga kila lilipoondoka, likatetemeka kila lilipoongezwa mwendo.

"Mzee, niongezee chuma kingine," alisema kijana.

"Kijana wangu, chuma hakiponyi kila ugonjwa. Tutazame kwanza."

Fundi alilisimamisha gari mahali tambarare, likiwa tupu na tairi zina upepo sawa, akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto. Upande ulio chini huenda una chuma kilichovunjika. Akaikagua bolti ya katikati inayoshikamanisha vyuma, kwa kuwa ikikatika ekseli husogea na gari hutembea upande. Akazitikisa bushi za mpira na bolti za umbo la U. Bushi zilikuwa zimeliwa na bolti zimelegea, na huko ndiko kugonga kulikotoka. Mtetemo nao ulitokana na kuinuliwa kwa gari, kwa sababu propela ilikuwa imebadili pembe yake.

Shokomzoba zilikuwa zile zile fupi za zamani. Gari lililoinuliwa huzivuta hadi mwisho wake kabla springi haijamaliza mwendo, zikavuja mafuta au zikang'oka. Mpira wa breki wa nyuma nao ulikuwa umekazika kama kamba ya ngoma.

Ndipo fundi akaonyesha kifaa kidogo juu ya ekseli. Katika pikapu nyingi kifaa hicho hugawa nguvu ya breki kwa kufuata mzigo: bodi ikishuka kwa uzito, magurudumu ya nyuma hupewa breki zaidi. Gari likiinuliwa kwa vyuma, kifaa hudanganyika, kikadhani gari ni tupu hata lilipojaa.

"Hebu fikiri unashuka Bugarama na mzigo," alisema mzee, "na breki za nyuma zinadhani hukubeba kitu. Nani huketi nawe humo ndani?"

"Mama watoto, Mzee. Na mtoto mdogo."

Kijana hakuomba chuma tena. Kile cha ziada kilitolewa, bushi zikabadilishwa, shokomzoba zikawekwa za urefu unaofaa, na kifaa cha breki kikarekebishwa. Bushi za mpira zilikazwa mwisho, gari likiwa limeshuka juu ya magurudumu yake, zisije zikasokoteka. Fundi alimwagiza arudi baada ya siku chache ili bolti zikazwe tena.

MAFUNZO KWA WENYE MAGARI

Kila mwenye gari la kale na ajue kwamba kimo si nguvu. Asikie mlio unatoka wapi na apime pande zote mbili kabla ya kufungua mkoba. Asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, bali aweke vigingi imara vya chuma. Na aliyekwisha kuinua gari lake aanze na breki. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwenye mteremko wa Bugarama huenda asibaki mtu wa kuujenga.