Kimo na Jina

Galerie d'Ixelles ni ujia uliofunikwa kwa paa, unaounganisha barabara mbili za Brussels, Chaussée d'Ixelles na Chaussée de Wavre, katika mtaa ambao Wakongo waliubatiza Matonge kwa jina la mtaa wa Kinshasa. Humo husukwa nywele, huuzwa vitambaa, na katikati ya Kifaransa na Kilingala husikika, mara mojamoja, Kiswahili cha Goma au Bukavu. Katika baraza kama hilo umaarufu hupimwa bila huruma. Mwanamuziki hutajwa, mcheza soka hugombaniwa, na mkimbiaji naye ana haki ya kutajwa: Brussels ndiko Paul Tergat alikovunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1997, na Kenenisa Bekele mwaka 2005. Mruka juu hana kigoda.

Si kwamba mchezo wake hauna utamu. Wabelgiji wenyewe wanaye Tia Hellebaut. Beijing, Agosti 2008, alikutana na Blanka Vlašić wa Kroatia, aliyekuwa ameshinda mashindano zaidi ya 30 mfululizo. Ufito ulipowekwa mita 2.05, Hellebaut aliuvuka kwa jaribio la kwanza, Vlašić kwa la pili. Wote walishindwa mita 2.07. Kimo kilikuwa kimoja. Dhahabu ikaenda Ubelgiji kwa sababu ya kosa moja tu la mwenzake. Mwishoni mwa mwaka huo alistaafu akiwa mjamzito, kisha akarejea, na London mwaka 2012 akawa wa tano. Taifa lililomwona akipaa halikuhitaji kuelezwa yeye ni nani.

Afrika Mashariki ilikuwa na mrukaji wake mapema zaidi. Vancouver, mwaka 1954, katika michezo ambayo leo huitwa ya Jumuiya ya Madola, Mganda Patrick Etolu alipata medali ya fedha nyuma ya Mnigeria Emmanuel Ifeajuna, aliyeruka na kiatu mguu mmoja. Uganda ilikuwa bado miaka minane kufikia uhuru. Ifeajuna hukumbukwa zaidi, na kwa sababu chungu: alishiriki mapinduzi ya Januari 1966, akauawa kwa risasi mwaka uliofuata. Etolu hakuwa na mapinduzi. Alikuwa na kimo chake tu, na kimo peke yake hakitoshi pale ambapo hakuna anayekisimulia.

Hata hivyo Etolu aliandikwa jina. Katika picha iliyopigwa Rwanda mwaka 1907, kwenye safari ya Mwanamfalme Adolf Friedrich wa Mecklenburg, kijana anaruka juu ya vichwa vya Wazungu wawili. Vitabu vimehifadhi jina la mwanamfalme. La kijana halikuonekana lina haja. Alianzia kwenye kichuguu, kwa hiyo kulinganisha kimo chake na cha uwanjani ni kazi bure, ingawa wengi wameifanya.

Mathew Sawe wa Kenya alivuka mita 2.30 mjini Asaba, Nigeria, mwaka 2018, akawa bingwa wa Afrika. Hapakuwa na kichuguu, na jina lake lilisomwa kwa kipaza sauti. Nyumbani alirudi kwenye nchi iliyozoea kumsubiri shujaa kwa dakika ishirini na sita na ushei, si kwa hatua kumi na mruko mmoja.