Malengelenge Yasiyoambukiza

Msomaji wangu, hapa Ekerenyo wanafunzi huniuliza, “Mwalimu, mtu akijaa malengelenge mwili mzima, je, amerogwa?” La. Huenda ni pemfigasi, ugonjwa wa nadra ambamo kinga ya mwili huishambulia ngozi, kama mlinzi avunjaye nyumba aliyopewa ailinde. Mara nyingi huanza kwa vidonda vya kinywani, wala hauambukizi. Kuutazama kwa macho hakutoshi: daktari hukata kipande kidogo cha ngozi, kikapimwa kwa hadubini. Ujuzi huo hufunzwa. Tangu 1992 kiko chuo cha magonjwa ya ngozi huko Moshi, Tanzania. Dawa zipo, lakini mgonjwa aliyekimbiwa na watu atazifikiaje? Mshike mkono, umpeleke hospitali mapema.