Gretna Green, kijiji cha arusi za mbali

Vitabu vya mapenzi vinavyopita mkono kwa mkono kati yetu na binti zetu vinapenda sana kupeleka arusi mbali na nyumbani. Mara ni kisiwa cha Ugiriki, mara ni hoteli kando ya bahari. Wageni ni wachache, na kabla kitabu hakijaisha mioyo miwili imekwisha kupatana.

Sababu ya kuvipenda tunaijua. Arusi ya kwetu ina kamati, michango, vikwembe vya sare na wajomba wanaobishana juu ya mahari. Mara nyingi bibi arusi ndiye wa mwisho kuulizwa anataka nini. Katika kitabu anaulizwa wa kwanza, kwa kuwa wote wanaozoea kusema kwa niaba yake wamebaki nyumbani.

Leo twende mpaka kijiji kilichozoea arusi za namna hiyo zamani sana, kabla ya hoteli za bahari. Kinaitwa Gretna Green, kusini mwa Uskoti. Ukitoka Uingereza na kuvuka mpaka, umekwisha kufika. Wapenzi hawakuvutwa na uzuri wa nchi. Walivutwa na sheria.

Kuanzia mwaka 1754, Uingereza ilikataza mtu asiyefikia miaka 21 kufunga ndoa kwa kibali bila ridhaa ya wazazi. Uskoti haikuwa na sharti hilo. Huko ilitosha mwanamume na mwanamke kutamka mbele ya mashahidi wawili kwamba wanaoana. Basi wapenzi walipanda gari la farasi, wakasafiri usiku na mchana, nao waliotoka London walikwenda kilometa 500 hivi, huku baba akiwafuata nyuma. Kijiji cha kwanza ng'ambo ya mpaka ndicho kilichowapokea. Nyumba ya mhunzi ikawa mahali pa arusi: maneno machache, nyundo ikagonga fuawe, na ndoa imefungwa. Fuawe hiyo watalii wanaionyeshwa hata leo.

Waandishi hawakukawia kuona utamu wake. Katika kitabu cha Jane Austen kiitwacho Pride and Prejudice, cha mwaka 1813, msichana Lydia anaacha barua kwamba anakwenda Gretna Green kuolewa. Kumbe mwanamume hana nia hiyo. Wanapatikana London, wanaishi pamoja bila ndoa. Mwandishi huyo alijua kwamba safari moja inaweza kuwa ya mapenzi kwa mmoja na ya udanganyifu kwa mwingine.

Nje ya vitabu mambo yalikuwa mazito zaidi. Kwa sheria ya Uskoti ya zamani hizo, msichana wa miaka 12 aliweza kuolewa. Mwaka 1826, Ellen Turner, mwenye miaka 15, alitolewa katika shule yake huko Liverpool kwa habari ya uongo kwamba mama yake ni mgonjwa. Aliyepanga hila hiyo ni Edward Gibbon Wakefield, mtu ambaye Ellen hakuwahi kumwona. Njiani alimwambia kwamba mali ya baba yake imo hatarini, na kwamba akikubali kuolewa atamwokoa. Mtoto akakubali kwa ajili ya baba yake, wakafungishwa ndoa Gretna Green. Kisha akapelekwa Calais, Ufaransa, ambako jamaa zake walimfuata na kumrudisha. Mwaka 1827 Wakefield alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, na Bunge likaivunja ndoa ile.

Tuangalie vizuri, wamama. Ellen alisema "ndiyo", na mashahidi walikuwapo. Lakini "ndiyo" yake ilijengwa juu ya uongo, mbali na kila mtu aliyempenda. Umbali uliomfungua msichana mmoja ulimfunga mwingine.

Kidogo kidogo sheria zilibadilika. Kuanzia 1857, mmoja wa wapenzi alitakiwa kwanza akae Uskoti siku 21. Mwaka 1940 ndoa ya kutamka tu mbele ya mashahidi ilikomeshwa. Leo maelfu ya watu bado wanakwenda Gretna Green kuoana, lakini wanatoa taarifa mapema kwa ofisi ya serikali, na wengi wanakuja pamoja na wazazi wao.

Kwetu Kongo, Sheria ya Familia iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza ndoa ya mtu asiyefikia miaka 18, na inataka kila mmoja akubali kwa hiari yake. Hilo linamhusu mwanamume anayemwahidi binti arusi ya mbali. Linatuhusu na sisi pia, tunapokaa sebuleni kuhesabu mbuzi na ng'ombe huku mwenyewe yuko jikoni.

Kwa hiyo tusiwanyang'anye binti zetu vitabu hivyo. Tuvisome nao, na tukifika kwenye arusi ya kisiwani tuulize pamoja: nani amelipa nauli ya kwenda, na ya kurudi iko mikononi mwa nani? Nyumbani nani anajua yuko wapi? Alichoambiwa ni kweli? Na akisema "hapana" asubuhi ya arusi, atarudi kwa nani?

Swali la mwisho jibu lake liwe sisi. Binti anayejua kwamba mama atampokea na "hapana" yake hahitaji kukimbilia ng'ambo ya mpaka ili asikilizwe.