Uteo Ulioazimwa Usirudi

Binti yangu aliponiambia kwamba anaacha uhasibu akasomee Kichina, nilighadhibika. Nikamwuliza kama atakula hivyo vipicha. Maana niliamini, pengine kama wewe, kwamba kila herufi ya Kichina ni picha ya kitu chake.

Jumapili moja baada ya chakula alinijibu kwa kalamu. Akaandika 其. "Baba, hiki ni nini?"

Nikakisia meza. Akacheka. Kumbe zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, Wachina walipokuwa wakichonga maandishi kwenye mifupa na magamba ya kobe, mchoro huo ulikuwa uteo wa kupepetea nafaka! Sasa hebu jaribu wewe kuchora neno "yake". Utachora nini? Nao walishindwa. Wakatafuta neno linalotamkwa karibu sawa na hilo, wakaona ni uteo, wakauazima mchoro wake. Ukatumika huko hata haukurudi. Uteo wenyewe ukabidi uongezewe alama ya mwanzi juu, 箕, ndipo ujulikane. Mwenye mali ndiye aliyehama!

Hali kadhalika 北, watu wawili waliopeana migongo, ilichukuliwa na kaskazini. Mgongo ukaongezewa alama ya nyama, 背. Lakini iliyonichekesha zaidi ni 然. Maana yake ilikuwa kuwaka, na vile vitone vinne vya chini ni moto. Ilipoazimwa iwe "hivyo", kuwaka kukawekewa moto mwingine ubavuni: 燃. Mioto miwili, jiko moja.

Msomi Xu Shen, katika kamusi yake ya karibu mwaka 100, aliuhesabu uazimaji huu miongoni mwa njia sita za herufi. Wala haujakoma. 囧 ni herufi ya kale ya dirisha lenye nuru. Mnamo 2008 vijana wa China waliigeuza kuwa uso wa mtu aliyefadhaika. Itazame: nyusi zimeinama, kinywa wazi. Binti yangu alidai ndivyo nilivyokuwa pale mezani.

Baadaye tulikwenda mashambani kwa mama yangu, ambaye hakuingia darasani. Mjukuu wake akamchorea ile herufi ya kwanza kwa umbo lake la mifupani, mdomo wazi juu, misuko imepishana ndani.

"Huu ni uteo," mama akasema papo hapo, kisha akataka kujua hao Wachina hupepeta nini.

Karo ya muhula uliofuata nililipa, bila kunung'unika sana.