Kujitayarisha kwa Usaili wa Ualimu Jibondo

Twakaa Jibondo, kisiwa kidogo kilicho kusini ya Chole na Juani, katika wilaya ya Mafia. Sisi tu wanne, nasi sote tuna vyeti vya ualimu. Lakini cheti peke yake hakimwingizi mtu darasani. Aombaye kazi ya ualimu serikalini hana budi kupita usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Usaili ulipofanywa mikoani mwanzoni mwa mwaka 2025, waombaji walizidi 200,000, na nafasi hazikufika 15,000. Basi twaona yafaa kuwaeleza jinsi tujitayarishavyo, maana wako wengi walio katika hali kama yetu.

Kwanza, hatusomi kila mtu peke yake. Jioni, mashua zikiisha kutia nanga, twakutana. Mmoja hutunga maswali, wa pili hufundisha, na wawili waliosalia huwa wanafunzi, tena wanafunzi wagumu. Tumeona ya kuwa mtu aweza kusoma ukurasa mara kumi akadhani ameujua. Lakini akisimama kuufundisha, pale asipopajua hufunuka mara moja.

Pili, twatia bidii katika andalio la somo. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika mwaka 2024, wataka mtoto aonyeshe umahiri kwa kutenda, wala si kukariri tu. Kwa jambo hili hatukwenda mbali kutafuta mfano, kwa sababu Jibondo yajulikana kwa kuunda vyombo. Fundi hamwelezi mwanagenzi habari za mkuku na mataruma kisha akaenda zake. Humpa tezo achonge, naye hutazama. Tulimwuliza mzee mmoja ajuaje kama kijana amehitimu. Akatujibu ya kuwa humpa ubao mmoja, akaondoka. Akirudi, ubao wenyewe husema. Tangu siku hiyo, kila andalio letu lina ubao wake, yaani kazi moja ambayo mtoto ataifanya bila kusaidiwa, ili mwalimu ajue kama somo limeingia.

Tatu, twajiwekea nauli. Atokaye hapa huvuka kwa mashua hadi kisiwa kikubwa, akafika Kilindoni, akapanda kivuko hadi Nyamisati, ndipo apate gari la kumpeleka mbele. Bahari ikichafuka, hakuna safari, wala chumba cha mtihani hakimngoji mtu. Mwenzetu mmoja ni mvuvi, naye ana watoto wawili. Kila usiku asomao ni usiku asioingia baharini, na nyumbani huonekana. Tulitaka kumchangia nauli, akakataa; akauza ng'onda kidogo kidogo hata ikatimia. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuchelewa kufika masomoni.

Wazee wetu wa Jibondo, kwa uhaba wa maji matamu, walikinga maji ya mvua, na mengine wakayaleta kwa vyombo kutoka ng'ambo. Hawakungoja kiangazi kiingie ndipo watafute pa kuyaweka. Vivyo hivyo, asiyeanza kusoma mpaka tangazo litoke, siku hazitamtosha.

Twajua ya kuwa huenda mmoja wetu akapata, au asipate hata mmoja. Kwa hiyo tumeahidiana mambo mawili. Atakayepata atawaachia wenzake madaftari yake yote. Nao watakaokosa hawataacha kuwasomesha watoto wa hapa jioni, kwa kuwa watoto hawana kosa katika hesabu ya nafasi.

Basi ninyi mlio Chole, Juani na kwingineko, msikae kila mtu na kitabu chake mlangoni pake. Kutaneni wawili watatu, mwanze leo.