Barua kutoka Worcester: Mzee Mpeni Kazi

Ndugu zangu wa Muheza,

Kila mkipiga simu mnaniuliza kazi ya kuosha wazee inaendaje, na swali lenyewe huja na huruma iliyochanganyika na kicheko. Leo nawajibu vizuri. Kuosha ndiyo sehemu rahisi: maji ya uvuguvugu, sabuni, taulo mbili, umemaliza. Kigumu ni kumtoa mtu bafuni akiwa bado anajiona ni mtu.

Kazi hii haidai shahada. Sheria ya taifa hapa Marekani inamtaka msaidizi wa wauguzi apate mafunzo yasiyopungua saa 75, afaulu mtihani, aanze zamu. Ndiyo maana watu wa Afrika Mashariki tumejaa humu. Zamu ya asubuhi inaanza saa moja: wazee waamke, waoge, wavae, wawe mezani kabla chai haijapoa. Wazee ni wengi na saa haikusubiri, kwa hiyo njia ya mkato ni kumfanyia mzee kila kitu. Unamchagulia blauzi, unamfunga vifungo, unamkatia nyama, unamvisha kitambaa kifuani kama mtoto, unamuuliza mbele ya ukumbi mzima kama anataka kwenda chooni. Hakuna aliyemtukana wala aliyempiga. Lakini inafika adhuhuri, na mtu aliyewahi kuongoza kiwanda hajaamua jambo hata moja tangu afumbue macho.

Kwenye ghorofa yetu yuko bibi aliyekuwa fundi cherehani ujanani. Alipoletwa alikuwa akitazama ukuta tu, na chakula anakirudisha. Sasa, nyumba za wazee zina balaa la soksi: zinakwenda kufuliwa mbili, inarudi moja. Siku moja mfanyakazi mwenzangu, Mkenya, akamwekea mapajani kapu zima la soksi zilizopoteza wenzao, akamwambia zimetushinda. Hiyo ndiyo ofisi yake mpaka leo. Anainyoosha kila moja juu ya goti, anakagua mpira wa juu na rangi ya kisigino, akipata pacha wake anazikunja pamoja. Kapu likichelewa, tunasemwa. Wenzake wakija kudai zao anawahoji kwanza walizivaa lini. Miguu haijapona na dawa anameza zilezile, lakini siku hizi hatoki chumbani bila rangi ya mdomo, kwa sababu kuna watu wanamsubiri.

Haya si maneno ya zamu yetu tu. Mwaka 1976 wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti walioufanya Arden House, nyumba ya wazee katika jimbo jirani la Connecticut. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa mambo yao humo wayaamue wenyewe, sinema waitazame siku gani, vyumba vyao wavipange vipi, na kila mmoja akapewa mmea autunze. Wa ghorofa nyingine walipewa mimea vilevile, ila wakaambiwa wauguzi ndio watakaoimwagilia. Baada ya majuma matatu wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi. Miezi 18 baadaye, asilimia 15 yao walikuwa wamefariki; kwa wale wengine ilikuwa asilimia 30. Watu waliohusika walikuwa wachache, kwa hiyo hesabu ya vifo tusiitegemee mno. Ule uchangamfu, hata hivyo, nauona kwa macho yangu kila kapu la soksi linapoingia.

Kisha kuna Daktari Bill Thomas. Mwaka 1991, katika nyumba ya wazee ya Chase Memorial, mji mdogo wa New Berlin jimboni New York, aliona ugonjwa unaowamaliza watu ni upweke, unyonge na kukaa bure. Akaleta mbwa wawili, paka wanne na ndege mia moja. Ndege walifika kabla ya vizimba vyao, wakafungiwa kwenye saluni ya nyumba ile, na wazee wakajazana dirishani kucheka. Baadaye waliokuwa hawatoki vyumbani walianza kuomba wamtembeze mbwa.

Bunge la hapa nalo lilitunga sheria mwaka 1987 inayowapa wakazi haki ya faragha, ya kushiriki katika kupanga matunzo yao, na ya kuwa na baraza lao la kupeleka malalamiko. Kwetu haki hizo zimebandikwa ukutani karibu na lifti. Lakini kumngoja bibi achague kati ya blauzi ya bluu na ya njano kunakula dakika, na dakika ni mshahara wa mtu. Wafanyakazi wakipungua, heshima ndiyo inayokatwa kwanza.

Najua mnachowaza: sisi hatuwatupi wazee wetu. Ni kweli, na makazi ya wazee kama ya Nunge kule Kigamboni ni ya wachache. Hata hivyo, mzee anaweza kutupwa akiwa barazani kwake. Ameogeshwa, amelishwa, amekalishwa mkekani, na posa ya mjukuu wake inajadiliwa chumba cha pili. Akitaka kuchambua mchele anaambiwa apumzike. Nikipiga simu tunaulizana kama mama amekula, amemeza dawa, naye yupo hapo hapo anasikia. Tunasema penye wazee haliharibiki neno, kisha neno lenyewe tunawaficha.

Kwa hiyo nina ombi. Mmenitumia orodha ya mahitaji ya mama: godoro, dawa, maziwa ya unga, mkongojo. Hela nitatuma, msiwe na wasiwasi. Lakini orodha hiyo mmeiandika ninyi, na mama hakuulizwa. Muulizeni mwenyewe anataka nini. Halafu mrudishieni funguo za stoo, awe ndiye anayepima unga wa siku, hata kama mkono unatetemeka. Unga ukimwagika, fagieni.

Ndugu yenu,
Worcester, Massachusetts