Kila Sauti na Kipimo Chake

Nyumbani kwetu wapo watu watatu ambao neno "maji" likiwatoka halifanani hata kidogo. Mpwa wangu mdogo hulitoa kwa sauti nyembamba, ya juu. Mama hulisema taratibu, kwa sauti ya kati. Mjomba, ambaye meno ya mbele yalishamtoka, huliachia pamoja na upepo mwingi. Hata hivyo, hajatokea aliyeomba maji akaletewa chumvi.

Tunaliona jambo la kawaida, kumbe ni fumbo. Mwaka 1952, Gordon Peterson na Harold Barney wa maabara za Bell nchini Marekani walichapisha vipimo vya irabu za Kiingereza zilizotamkwa na watu 76: wanaume, wanawake na watoto. Koo na kinywa cha mtoto ni vifupi, vya mwanamume mzima ni virefu, na urefu huo hubadilisha jinsi sauti inavyovuma. Ndiyo maana vipimo viliingiliana: irabu moja kwa msemaji huyu iliangukia pale pale ilipo irabu nyingine kwa msemaji yule. Kwa kutazama vipimo hivyo pekee, usingeweza kujua kila mara ni irabu gani iliyotamkwa.

Miaka mitano baadaye, Peter Ladefoged na Donald Broadbent walitumia mashine kutengeneza usemi wa bandia. Neno la mwisho hawakuligusa. Walichobadilisha ni mvumo wa sentensi iliyolitangulia, ikawa kana kwamba inasemwa na mtu mwingine. Wasikilizaji waliokuwa wakisikia "bit" wakaanza kusikia "bet". Neno ni lile lile, ila kipimo kilikuwa kimehama.

Ubongo, basi, hufanya kama fundi cherehani: humpima mtu kwanza ndipo akate kitambaa. Maneno machache tu huutosha kujua sauti ya msemaji inaanzia wapi na kuishia wapi, kisha kila irabu huipa nafasi yake ndani ya mipaka hiyo. Kazi hiyo ina gharama. Majaribio yameonyesha kwamba orodha ya maneno ikisomwa na wasemaji wanaobadilishana, wasikilizaji hukosea zaidi kuliko ikisomwa na mmoja. Na sauti tuliyokwisha kuizoea huwa rahisi kuielewa hata penye kelele.

Nikitafakari hayo, naona tulivyo hodari wa kusikia irabu na wavivu wa kusikia watu. Mjomba akionja chakula akasema "si kibaya," hiyo ni sifa kubwa kuliko zote alizonazo. Jirani yetu husema "kitamu ajabu" hata kwa chai iliyopoa. Yupo rafiki ambaye kupaza sauti ndiyo salamu yake, na yupo mwingine ambaye akinyamaza kidogo tu kuliko kawaida yake, ujue ameumia. Anayewasikia wote kwa kipimo kimoja atamwona mjomba hana shukrani, rafiki wa kwanza mgomvi, na wa pili hana neno.

Jaribio la 1957 lina onyo pia. Ukimpima huyu kwa sauti ya yule, utasikia ambacho hakusema. Mara ngapi bibi arusi mpya hujibu neno la kawaida, likasikika kuwa kiburi, kwa sababu wakwe bado masikio yao yamekaa kwa mke aliyetangulia? Mara ngapi mwanafunzi hujibiwa kwa ukali ambao kaka yake ndiye aliyeuchuma?

Kwa sauti, ubongo hutufanyia haki ya kumpima kila mtu kwa kipimo chake bila kuombwa, ndani ya sentensi moja. Kwa tabia za watu lazima tuifanye wenyewe, na sentensi moja haitoshi. Mgeni kazini, mkwe, mtoto aliyehamia darasani: wote wanastahili kusikilizwa muda wa kutosha kabla hatujaamua walichosema.